Tiketi za kurudi zilikuwa mfukoni mwa Helen

Katika sura ya 41 ya Howards End, riwaya ya mwandishi Mwingereza E. M. Forster iliyotoka mwaka 1910, kuna mistari michache ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Helen Schlegel, msichana wa London mwenye pesa zake na huruma zake, alikuwa amemsafirisha karani mmoja na mkewe hadi Shropshire, jirani na mpaka wa Wales, wakamkabili tajiri aliyewaponza. Safari ikaharibika. Helen akakimbia zake. Bili ya hoteli hakuilipa, na tiketi za treni za kurudi, za karani na mkewe, akaondoka nazo. Ikabidi bangili za mke ziwekwe rehani ndipo wapate nauli ya kurudi nyumbani. Siku chache baadaye maisha yao yakaporomoka kabisa.

Forster anayasema haya haraka haraka, kama mtu anayesoma risiti, halafu anaendelea na mengine. Lakini ukiniuliza ni wapi hasa katika kitabu hiki tabaka linaonekana waziwazi, sitakupeleka kwenye hotuba yoyote ya wahusika wake, na hotuba zimo tele. Nitakupeleka hapo. Helen hakuwa mwizi wala mchoyo. Alisahau tu, na bili ya hoteli husahaulika na yule ambaye bili haijawahi kumnyima usingizi.

Kitabu kinajulikana zaidi kwa kauli yake ya ufunguzi, "Unganisha tu", iliyowekwa kwenye ukurasa wa mbele na baadaye ikarudi ndani ya mawazo ya Margaret, dada mkubwa wa Helen. Kauli hiyo imetembea sana. Imejaa kwenye insha za wanafunzi, na hata BBC wana kipindi cha chemsha bongo chenye jina hilo. Wengi huichukua kuwa ndiyo ujumbe wenyewe: watu wa matabaka mbalimbali wafungue mioyo, waongee, wapendane, na ukuta utaanguka. Nikikisoma kitabu naona kingine. Kila mara wenye nacho wanapomwendea asiye nacho kwa moyo mweupe, anayeumia ni asiye nacho. Kinachofanikiwa kuvuka mpaka ule ni mali peke yake, nayo huvuka salama kwa njia moja tu, ya urithi.

Kwa ambaye hajakisoma, kuna nyumba tatu. Ya kwanza ni ya akina Schlegel: Margaret, Helen na mdogo wao wa kiume Tibby, yatima wa baba Mjerumani na mama Mwingereza, wasomi, wapenda muziki, wanaoishi kwa faida ya mitaji waliyorithi. Margaret na Helen wana pauni 600 kwa mwaka kila mmoja. Tibby atakuwa na 800. Ya pili ni ya akina Wilcox, watu wa biashara: Henry, mwenye mali, mkewe Ruth, ambaye nyumba ya shambani ya Howards End ilimfikia kutoka kwa wazee wake, na watoto wao watatu. Ya tatu si nyumba hasa. Ni vyumba vya kupanga chini ya usawa wa barabara, kusini mwa mto Thames, anakoishi Leonard Bast, karani wa kampuni ya bima ya moto iitwayo Porphyrion, pamoja na Jacky, mwanamke aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Ruth anafariki mapema na kuacha karatasi iliyoandikwa kwa penseli: nyumba apewe Margaret. Familia inaichoma moto. Kisha Henry, mjane asiyejua kwamba anairudisha haki kwa mlango wa nyuma, anamposa Margaret.

Forster anatangaza kwamba maskini hohehahe hawamo katika hadithi yake. Hao hawafikiriki, anasema kwa kejeli, waachiwe mtakwimu au mshairi. Amelaumiwa sana kwa maneno hayo, na sehemu ya lawama anastahili, ila naona kisu chenyewe kimeelekezwa kwa wasomaji wake wa tabaka la kati waliozoea kutofikiri. Leonard amesimama ukingoni kabisa mwa uungwana. Hajatumbukia shimoni, lakini analiona, na anawajua waliotumbukia.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu wengi wa namna yake. Sheria ya Elimu ya 1870 ilikuwa imefungua shule za msingi kwa watoto wa kawaida, na benki, bima, reli na ofisi za serikali zilihitaji watu wa kujaza vitabu vya hesabu kwa mwandiko unaosomeka. Babu na bibi zake Leonard walikuwa vibarua wa mashambani, jambo analolificha kwa aibu mpaka siku linapomtoka. Yeye amevaa kola ngumu na tai. Kola ameipata, akiba hana. Sheria ya Bima ya Taifa ilipitishwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, na hata hapo fidia ya kukosa ajira ilihusu viwanda vichache kama vya ujenzi na meli. Karani aliyefukuzwa alirudi kwa ndugu zake au alikwenda mtaani.

Ipo jioni moja nyumbani kwa Leonard ambayo imeandikwa kwa undani unaouma. Chakula ni kipande cha supu kavu kilichoyeyushwa katika maji moto, kisha nyama ya ulimi yenye mafuta mengi ya njano chini yake, kisha jeli ya nanasi aliyoikoroga mapema mchana. Kabla ya kula alikuwa akimsoma John Ruskin, mwandishi Mwingereza wa mambo ya sanaa, mahali anapoeleza kanisa la kisiwa kimoja cha Venice. Leonard hasomi kwa raha. Anasoma akitafuta faida: anaichukua sentensi, anaigeuza huku na huku, anajiuliza kama mdundo wake utamfaa katika barua anayotaka kumwandikia kaka yake. Mwandishi anamkatiza bila huruma: maneno yaliyomfaa ni kwamba flati yake ni ya giza na haina hewa.

Hapo nacheka, kisha kicheko kinanikwama. Forster alisoma Cambridge, na Ruskin kwake alikuwa mali ya nyumbani. Anamcheka kijana anayejaribu kuingia kwa mlango ambao yeye mwenyewe alizaliwa akiwa tayari yuko ndani. Hata hivyo hakuwa anabuni kutoka hewani. Alikuwa akifundisha Kilatini katika Working Men's College ya London, chuo kilichoanzishwa mwaka 1854 kwa ajili ya wafanyakazi, na madarasa ya jioni yalimwonyesha watu waliotoka kazini wamechoka na bado wanataka kujua. Ndiyo maana Leonard, pamoja na kejeli zote, anapumua. Jacky hapumui, na hilo nitalirudia.

Leonard na akina Schlegel wanakutana kwa sababu ya mwavuli. Wote wako Queen's Hall, ukumbi wa muziki wa London, kusikiliza Simfonia ya Tano ya Beethoven. Helen, muziki umempanda kichwani, anaondoka kabla ya mwisho na kubeba mwavuli usio wake. Leonard hawezi tena kusikia muziki, anawaza mwavuli. Margaret anamwomba anwani ili aurudishe, naye anakataa kuitoa, maana London ina matapeli wa kila aina, hata wanawake waliovaa vizuri. Anaamua kufuatana naye hadi kwao. Huko Helen anapekua miavuli ukumbini huku akicheka kwamba kazi yake ni kuiba miavuli tu. Anauinua mmoja, anausema vibaya: mishono yote imefumuka, mwavuli gani huu, bila shaka ni wangu.

Ulikuwa wa Leonard.

Anauchukua na kuondoka, chai hakunywa. Dada hao wanahuzunika kweli. Halafu wanakumbuka fundisho la marehemu baba yao, kwamba ni bora kuwaamini watu, na ukitapeliwa mara mojamoja ihesabu kuwa ni kodi unayolipa kwa ajili ya imani yako juu ya binadamu. Wazo zuri. Lakini Leonard tayari ana kodi nyingine ya kulipa, ya flati, na mwavuli mmoja tu. Kuamini kwake kuna bei ambayo kwao haipo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa mwenye shibe ana nia njema kabisa, ndilo linalotisha.

Miaka miwili baadaye wanakutana tena. Leonard amekuja kueleza kwa nini mkewe alifika kwao akimtafuta, na katika kujitetea anasimulia kwamba usiku mzima alikuwa akitembea peke yake: alipanda treni hadi Wimbledon, akashika njia, akapotea katika misitu ya Surrey, akasubiri kukuche. Dada hao wanasisimka. Wanamuuliza: na mapambazuko yalikuwa ya ajabu? Anajibu: hapana. Yalikuwa ya kijivu tu, na yeye alikuwa amechoka, ana njaa na baridi. Kwa jibu hilo wanampenda kuliko majina yote ya waandishi aliyojaribu kuyataja mbele yao. Ni mara moja tu katika kitabu kizima ambapo Leonard na akina Schlegel wanaongea kama watu, na imetokea kwa sababu alisema kitu ambacho hakukichukua kwenye vitabu vyao.

Basi wanamwalika chai. Sasa angalia. Leonard amejiandaa kwa chai hiyo, amevaa nguo zake nzuri, anataka kuzungumza vitabu. Kwake chumba kile ni mahali pa mbali na kazi, karibu patakatifu, na hataki hata kidogo kichanganyike na Leonard wa ofisini. Dada hao wanataka kuzungumza ofisi. Wamesikia kwamba Porphyrion inayumba, na wamejitwika kumwokoa. Wanamuuliza maswali kuhusu mtaji wa kampuni na hali ya biashara, mambo ambayo karani wa ngazi yake hawezi kuyajua. Anajua kazi ya meza yake tu. Anajibu kwa mbwembwe za kuficha kutojua. Mara akina Wilcox wanaingia na watoto wa mbwa, Helen anawapigia kelele za furaha, na Leonard anasimama, amekasirika, anawashutumu kwamba walimwita ili kumchimba habari za kampuni.

Hakuna aliyekosea adabu mpaka dakika ya mwisho. Yeye ameleta kiu ya roho, wao wameleta wasiwasi wa mkate. Walio na mkate ndio wanaouzungumza, na asiye nao ndiye anayetaka kuusahau japo kwa alasiri moja. Sijui mahali pengine katika fasihi ya Kiingereza ya wakati huo ambapo suala hili limeonyeshwa kwa ufundi namna hii juu ya meza ya chai.

Habari yenyewe ya Porphyrion ilitoka kwa Henry Wilcox. Alikuwa akipiga soga na dada hao usiku kando ya mto huko Chelsea, akasema kampuni hiyo haimo katika umoja wa makampuni ya bima, haina kinga, itakuwa mikononi mwa mfilisi kabla ya Krismasi. Kijana wenu aondoke upesi. Leonard akaondoka. Akapata kazi benki kwa mshahara mdogo zaidi. Benki ikapunguza watu, akawa wa kwanza kutolewa. Wakati huohuo Porphyrion ilikuwa imesimama vizuri, na Henry, alipoulizwa tena, akasema kwamba si biashara mbaya hata kidogo.

Helen analipuka. Henry anashangaa: alisema kilichokuwa kweli siku ile, amekosa nini? Na anaongeza falsafa yake, kwamba maskini ni maskini, tunawahurumia, lakini ustaarabu ukisonga mbele kiatu lazima kibane mahali fulani. Kwa kanuni za soko Henry hana kosa. Ila tazama jinsi habari moja ilivyobadilika uzito ikishuka ngazi. Juu ilikuwa maoni tu. Mwenye hisa angeuza hizi anunue zile, na kama maoni ni ya uongo angenunua tena. Ilipofika chini kwa Leonard, kupitia kwa wasichana wawili wenye huruma, ilikuwa imekwisha kuwa amri. Yeye mwenyewe anaeleza baadaye huko Shropshire, katika maneno ambayo kwangu ni ya busara kuliko yote ya kitabuni. Tajiri akishindwa kazi moja hujaribu nyingine. Mimi nilikuwa na mfereji wangu mmoja, nilijua tawi moja la bima katika ofisi moja, nimetoka humo, basi. Nimewaona wengine. Pesa ndiyo kitu halisi, mengine yote ni ndoto.

Helen anamjibu kwamba amesahau Kifo. Anamweleza kwa moto kabisa jinsi wazo la kifo linavyomwokoa mwanadamu kutoka kwenye utumwa wa pesa. Ni usiku, kijana hana kazi, kesho hajui atakula nini. Forster anampa Helen maneno mazuri, na sidhani alitaka tumcheke. Mimi nimeshindwa kujizuia. Usiku huohuo, kwa huruma na upweke, analala naye. Mwandishi Katherine Mansfield aliwahi kuandika kwamba hana hakika kama mimba ya Helen ilitokana na Leonard au na ule mwavuli wake uliosahaulika. Ni kejeli kali, lakini amegusa penye udhaifu: mapenzi hayo hayaaminiki hata kidogo. Kinachoaminika ni asubuhi yake, na zile tiketi.

Margaret, kwa upande wake, ana akili ya pesa ambayo Helen hana. Anasema wazi mbele ya shangazi yao kwamba yeye na wenzake wamesimama juu ya pesa kana kwamba ni visiwa, imara mpaka wanasahau kwamba vipo, huku wengine wako majini. Na kwamba amechoshwa na matajiri wanaojifanya maskini. Kwenye klabu ya mijadala ya wanawake, wanapojadili milionea anayekata roho amwachie nani mali yake, wenzake wanapendekeza mtu kama Bwana Bast apewe maktaba, apewe uangalizi, apewe tiketi ya daraja la tatu ya kwenda Venice na kurudi, apewe kila kitu mradi asipewe pesa mkononi. Margaret anasema: mpeni pesa zenyewe. Maadili ya juu atajitafutia. Wenzake wanaona amechafuka.

Napenda sana kwamba hoja hiyo ilitoka kwenye kalamu ya Forster, kwa sababu alikuwa akijua anachosema. Mwaka 1887, akiwa na miaka 8, alirithi pauni 8,000 kutoka kwa Marianne Thornton, shangazi wa baba yake. Pesa hizo ndizo zilizompeleka Cambridge, ndizo zilizompa nafasi ya kusafiri na kuandika, na yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba bila bibi huyo asingekuwa mwandishi.

Sasa ziweke kando ya pauni 5,000 ambazo Helen anajaribu kumpa Leonard baada ya maafa ya Shropshire. Zote mbili ni pesa za mwanamke mwenye nazo zikienda kwa kijana asiye na mshahara. Lakini mtoto wa miaka 8 hakuulizwa kama anastahili, hakutakiwa kushukuru, wala hakuona aibu, kwa kuwa zilikuja kwa jina la ukoo. Leonard anaandika jibu la adabu na kukataa. Helen anamsukuma Tibby ajaribu tena. Tibby anagundua kwamba akina Bast wamefukuzwa kwenye nyumba kwa kutolipa kodi na hajulikani walikokwenda. Kwa hiyo Helen anaziwekeza upya pesa zake, madalali wa hisa wanamshauri vizuri, na anakuwa tajiri kuliko alivyokuwa kabla ya kutaka kuzigawa. Forster anaiandika sentensi hiyo bila kupepesa jicho.

Na pesa zote hizi zinatoka wapi? Henry ana kampuni ya mpira ya Afrika Magharibi, na mwanawe mdogo Paul yuko Nigeria. Margaret anapotembelea ofisi ya London anatarajia kuona kitu kinachonuka Afrika, anakuta meza, zulia na vitabu vya hesabu. Ukutani kuna ramani ya bara zima, limechorwa kama nyangumi aliyewekewa alama tayari kwa kukatwa mafuta. Hiyo ni 1910, wakati bei ya mpira London ilikuwa imepanda sana, na miaka miwili tu tangu Ubelgiji iichukue Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold baada ya kashfa ya mpira iliyojulikana dunia nzima. Forster anaiona ramani, anaipa sentensi moja kali, anageuka. Msomaji wa huku hageuki upesi hivyo. Leonard ana jina, ana mwavuli, ana jeli ya nanasi. Waliogema mpira huo hawana hata kivuli ndani ya kitabu kinachohubiri kuunganisha. Margaret anakaribia anapomwambia Helen kwamba hawezi kuendelea kupokea kipato chake huku akiwadharau wanaokihakikisha. Anamaanisha akina Wilcox. Mlolongo wa wanaokihakikisha unaishia kwa Henry, hauteremki zaidi.

Nimesema nitarudi kwa Jacky. Katika harusi ya binti wa Henry, kulekule Shropshire, anamtambua Henry: miaka kumi nyuma, huko Cyprus, alikuwa kimada wake. Margaret, wakati huo mchumba wa Henry, anaumia, kisha anasamehe. Baadaye Helen anaporudi na mimba, Henry hataki alale hata usiku mmoja Howards End, na hapo Margaret anamkabili kwa maneno ambayo ni kilele cha kitabu. Ulikuwa na kimada, nikakusamehe. Dada yangu amekuwa na mpenzi, wewe unamfukuza. Huoni uhusiano? Ni hotuba nzito, na kila mara ninapoisoma nampigia makofi. Lakini sikiliza inavyomtaja Jacky: mwanamke aliyeharibiwa na mwanamume kwa starehe yake, kisha akatupwa ili akawaharibu wanaume wengine. Hata katika dakika ya haki, Jacky ni hatari kwa wanaume. Hakuna anayemuuliza kilichompata Cyprus. Hakuna anayemwalika chai. Mwandishi mwenyewe hampi hata wazo moja kichwani. Anampa mikufu, kofia na usingizi. Baada ya Leonard kufa hatuambiwi Jacky amekula nini wala amelala wapi.

Kifo chenyewe kinaweza kuchekesha kama kisingekuwa cha kusikitisha. Leonard, anayesumbuliwa na dhamiri, anakwenda Howards End kuungama kwa Margaret. Charles, mtoto mkubwa wa Henry, anampiga kwa ubapa wa upanga wa zamani wa baba yao akina Schlegel. Leonard anashika kabati la vitabu, linamwangukia, moyo wake unasimama. Wahakiki wengi wameona kwamba ishara hii imepakwa rangi nene mno, vitabu alivyovitamani ndivyo vinavyomzika, na ninakubaliana nao. Charles anafungwa miaka mitatu kwa kuua bila kukusudia. Henry anavunjika, si kwa hoja bali kwa aibu ya familia, na Margaret anamtunza.

Mwisho ni wa jua na majani makavu. Helen anakiri kwamba anaanza kumsahau Leonard. Henry anawakusanya watoto wake na kutangaza kwamba Howards End itakuwa ya Margaret, na baada ya Margaret itakuwa ya mtoto wa Helen, ambaye ni mtoto wa Leonard. Wasomaji wengi wanaona hapo matabaka yameungana: mzao wa Wajerumani wasomi na wa vibarua wa shamba ataimiliki Uingereza. Mimi naona hati ya nyumba. Mtoto hapati kwa sababu kuna mtu aliyempenda baba yake au kumtendea haki. Anapata kwa njia ileile Forster aliyopata pauni zake 8,000, kwa kuzaliwa upande unaofaa wa familia. Sharti la muungano huo ni baba awe amekufa na mke wa baba awe amesahauliwa. Kama Forster alilijua hilo au la, sina haja ya kuamua, aliliandika.

Baadaye maishani aliufikia ukaribu na watu wa tabaka jingine, nje ya riwaya zake. Huko Alexandria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alimpenda Mohammed el-Adl, kondakta wa tramu, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1922. Na kwa miongo mingi alikuwa karibu na polisi mmoja wa London, Bob Buckingham, pamoja na mke wake. Watu hao hawakuhitaji kuangukiwa na kabati.

Nyumba ya Howards End aliichora kutokana na Rooksnest, karibu na Stevenage, Hertfordshire, alikoishi na mama yake kuanzia 1883 hadi 1893. Kitabuni, wahusika wanatazama kutoka shambani na kuona London ikitambaa kuelekea kwao, wekundu kama kutu kwenye upeo wa macho. Wekundu huo ni nyumba, na ndani ya nyumba hizo wangeishi akina Leonard. Mwaka 1946 serikali iliichagua Stevenage kuwa mji mpya wa kwanza wa kuwapunguzia watu wa London msongamano. Forster alipinga. Mwaka huohuo alizungumza redioni, akalalamikia mashamba ya utoto wake, halafu akasema kwamba watu lazima wawe na nyumba, kwamba ana marafiki wafanyakazi kaskazini mwa London wanaolea watoto wanne katika vyumba viwili, na kwamba mambo haya mawili ameshindwa kuyapatanisha. Aliuita mgongano wa uaminifu. Kwangu hayo ni maneno ya kweli kuliko mengi aliyompa Margaret, kwani safari hii vyumba vimehesabiwa na wanaolala humo wanajulikana. Stevenage ikajengwa hata hivyo, na watu wa London wakahamia.